Mwenyeji, Mkazi na "Mtu wa Pale"

Mtungaji wa kamusi akifika kwenye jina kama Mpemba au Mwamu hupita upesi. Huandika "mtu wa Pemba", "mtu wa Lamu", kisha huenda zake kwenye neno la pili kana kwamba kazi imekwisha. Sina nia ya kumlaumu bure, maana kamusi ni kazi ya jasho na nafasi yake ni haba. Walakini hilo neno dogo "wa" limetwikwa mzigo usio wake. Je, mtu wa Pemba ni yule aliyezaliwa huko, au akaaye huko, au ambaye babu yake aliondoka huko kijana asirudi tena? Lugha yetu yazijua tofauti hizi zote na ina maneno yake. Sisi tuandikao ndio tuyachanganyao.

Natutazame Mombasa. Waswahili wa mji ule walijigawa katika Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili, nazo zikawa makundi mawili. Thelatha Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Na katika Tisa Taifa wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wafaza. Atazamaye orodha hii kwa makini ataona jambo la ajabu. Kilifi na Mtwapa ziko nje ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini; Pate na Faza ziko mbali zaidi, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu. Basi Mpate wa Mombasa hakai Pate, na pengine hajapata kuiona hata siku moja. Jina lake laonyesha njia waliyoijia wazee wake, si nyumba alalamo. Wala hapana amwitaye mgeni kwa sababu ya jina hilo. Kinyume chake, kuwa Mpate katika Tisa Taifa ndiko kunakomfanya awe mmoja wa wenye mji.

Nimesema "wenye mji", na hapo ndipo lilipo neno kuu. Mwenyeji ni mwenye mji. Neno halisemi habari ya kuzaliwa, wala ya nasaba, wala ya kukaa. Lasema habari ya haki. Ndiyo sababu mwenyeji ni pia yule apokeaye wageni, kwa maana hapokei mtu asiye na mlango wa kufungua. Mkazi hana haki hiyo katika jina lake. Yeye ametokana na kukaa tu, na kukaa hata mpangaji wa mwezi mmoja hukaa. Magazeti yamelizoea mno neno hili, hasa katika habari za mahakama, ambamo kila mshitakiwa ni mkazi wa mahali fulani na hapana hata mmoja aliye mwenyeji wa popote. Mlowezi amekaa kupita mkazi, lakini neno lake lamkumbusha daima kwamba alikuja.

La mzalia ni zito zaidi. Kwa sikio la leo mtu angedhani kwamba aliyezaliwa mahali ndiye hasa mwenye mahali pale. Sivyo lilivyotumika zamani pwani: mzalia alikuwa hasa mtumwa aliyezaliwa papa hapa, akitengwa na yule aliyeletwa kutoka bara. Alizaliwa mjini, akasema lugha ya mji, asiwe mwenye mji. Asomaye hati za kale akilifasiri neno hili kwa "mwenyeji" amefuta kwa kalamu moja dhuluma yote iliyomo ndani yake.

Wanasheria wa Zanzibar wameonyesha uangalifu kupita sisi watu wa fasihi. Sheria ya mwaka 2005 iliweka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ikiyatia maneno mawili mahali ambapo kamusi ingeona moja latosha. Mtunga sheria alijua kwamba yuko Mzanzibari asiyekaa Zanzibar, na yuko akaaye Zanzibar asiye Mzanzibari. Mtu aweza kuipinga siasa ya jambo hilo. Sarufi yake ni safi.

Na uzembe wa neno "wa" si mchezo wa wasomi tu. Katika pwani ya Kenya, huko Kwale na Kilifi, wamekuwako Wapemba ambao wengi wao walizaliwa papo hapo, wakavua samaki papo hapo na kuwazika wazee wao papo hapo. Lakini jina lilisema Pemba, na Pemba iko nchi nyingine; basi wakakaa miaka mingi bila vitambulisho. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa jamii mojawapo ya nchi ile, wakaanza kupewa hati za uraia, wala hawakulazimishwa kuliacha jina. Mpemba wa Kilifi na Mpate wa Mombasa wameundwa kwa sarufi moja, nao walifika kwa bahari ile ile. Mmoja alihesabiwa zamani sana katika taifa tisa za mji, mwingine alisubiri mpaka juzi.

Nikiulizwa ningeandikaje katika kamusi, ningeandika: Mpemba, mtu wa Pemba au wa ukoo uliotoka Pemba. Ni maneno matano zaidi, na nafasi ipo.