Boeing 737 MAX: Uchambuzi Ulioanzia Katikati

Kwenye pua ya Boeing 737, kila upande, kuna kipande kidogo cha chuma kinachogeuka kufuata upepo. Ni kihisi, na kazi yake ni kuieleza kompyuta mabawa yanakutana na hewa kwa pembe ya nyuzi ngapi, kwa sababu pembe ikizidi, mabawa hayawezi tena kuibeba ndege. Tarehe 28 Oktoba 2018, huko Denpasar, Bali, mafundi wa Lion Air walibadilisha kihisi cha kushoto cha ndege aina ya 737 MAX. Kile walichokifunga kilikuwa kimekarabatiwa Florida, na kilisoma nyuzi 21 zaidi ya hali halisi. Kesho yake asubuhi ndege hiyo iliruka kutoka Jakarta ikaanguka baharini na watu wote 189. Tarehe 10 Machi 2019, kihisi cha kushoto cha ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi kilianza kutoa namba za uongo mara tu ilipopaa Addis Ababa. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya.

Tamaa ya kampuni na ulegevu wa wasimamizi vimeshaandikwa sana. Ninachotaka kukipitia hapa ni karatasi za wahandisi, kwani hatari hii ilipimwa, ikapewa daraja na kutiwa saini kabla ndege haijauzwa.

Uhandisi una njia ya zamani ya kuchambua namna kifaa kinavyoweza kuharibika na madhara yatakayofuata, maarufu kwa herufi FMEA. Jeshi la Marekani liliiandikia utaratibu mwaka 1949, NASA ikaitumia katika safari za Apollo, kisha Ford wakaipeleka kwenye magari miaka ya 1970. Unaanzia chini. Unashika kifaa kimoja na kuuliza: kinaweza kuharibika kwa namna gani? Kikiharibika hivyo, kifaa cha jirani kitafanya nini? Mfumo mzima je? Na mtu aliyeshika usukani ataona nini, atasikia nini? Majibu huingia kwenye jedwali, mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huijaza ili mkaguzi akija aikute.

Ndege huchambuliwa pia kutoka juu. Unataja kazi ya mfumo, unauliza itakuwaje mfumo ukikosea, kisha unaipa hatari daraja. Hatari ya daraja linaloitwa "kubwa" inaruhusiwa kutokea si zaidi ya mara moja katika saa 100,000 za kuruka. Ile ya "maangamizi" haitakiwi kuzidi mara moja katika saa bilioni moja. Kwa hiyo daraja likishaandikwa, linaamua pia wahandisi wachimbe kwa kina gani.

Mfumo uliohusika hapa uliitwa MCAS. Injini za MAX ni kubwa kuliko za 737 zilizotangulia na zimesogezwa mbele, hivyo katika hali fulani pua huelekea kuinuka kupita kiasi. MCAS iliwekwa iishushe kwa kugeuza bawa la mkiani. Swali la kutoka juu likaulizwa: je, MCAS ikifanya kazi pasipohitajika? Boeing wakajibu kwamba hiyo ni hatari "kubwa" tu. Kwa daraja hilo kihisi kimoja cha pembe kilitosha kuiongoza. Tena, kama tume ya uchunguzi ya Indonesia, KNKT, ilivyoeleza katika ripoti yake ya Oktoba 2019, hapakuwa na ulazima wa kuupitisha mfumo huo kwenye uchambuzi mkali zaidi kama FMEA.

Kwa nini "kubwa" na si "maangamizi"? Kwa sababu rubani alishahesabiwa ndani ya jibu. Ilidhaniwa kwamba angetambua tatizo kwa sekunde 1 na kuchukua hatua kwa sekunde 3. Hapa ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Katika FMEA iliyofanywa vizuri, ukali wa madhara hupimwa kana kwamba kinga zote zimeshindwa, na kinga hupimwa kwenye safu yake pembeni. Ukimtia rubani ndani ya ukali, umeitumia kinga hiyo hiyo kufuta sababu ya kuichunguza. Isitoshe, Boeing wenyewe walikuwa na jaribio la mwaka 2012 ambamo rubani wao alichukua zaidi ya sekunde 10, na matokeo akayaita ya maangamizi.

Majaribio ya kifaa cha kuigiza urukaji nayo yalianzia katikati ya mnyororo. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilieleza Septemba 2019 kwamba Boeing waliligeuza bawa la mkiani kana kwamba MCAS ndiyo imeligeuza, wakatazama marubani watafanya nini. Hawakukiharibu kihisi. Tofauti yake ni kubwa mno. Bawa la mkiani likigeuka peke yake, rubani ana tatizo moja mbele yake. Kihisi kikidanganya, usukani huanza kutetemeka tangu ndege inapopaa, ukionya kwamba ndege inakaribia kuishiwa nguvu ya kupaa. Kipimo cha mwendo cha kushoto hakikubaliani na cha kulia, na cha kimo hali kadhalika. Taa zinawaka. Marubani wakiwa bado wanatafuta orodha ipi ya dharura waifungue, ndipo MCAS inaposukuma pua chini. Rubani akiirudisha, sekunde 5 baadaye inasukuma tena. Katika ndege ya Lion Air ilisukuma zaidi ya mara 20.

Usiku uliotangulia ndege hiyo hiyo ilikuwa na hitilafu hiyo hiyo kutoka Denpasar hadi Jakarta, ikatua salama. Katika chumba cha marubani mlikuwa na rubani wa tatu, asiye zamu, na umeme wa bawa la mkiani ulikatwa. Marubani wa Ethiopian nao waliukata. Lakini injini zilikuwa bado kwenye nguvu za kupaa, mwendo umekuwa mkali, na gurudumu la mkono la kurekebisha bawa hilo likawashinda. Wakaurudisha umeme, na MCAS ikarudi nao.

Kulikuwa na onyo la kuwaambia marubani kwamba vihisi viwili havikubaliani. Kwenye MAX liliwaka tu kwa mashirika yaliyonunua kipimo cha ziada, na Boeing walilijua hilo tangu 2017.

Marekebisho yanasomeka kama majibu ya jedwali lililorukwa. MCAS sasa husoma vihisi vyote viwili, na vikitofautiana kwa nyuzi 5.5 au zaidi inajizima. Inasukuma mara moja tu kwa kila tukio, tena kwa nguvu ambayo rubani anaweza kuishinda kwa kuvuta usukani. Marekani iliirudisha ndege hiyo angani Novemba 2020.

Mwaka huo huo wa ajali ya Ethiopian, 2019, viwanda vya magari vya Marekani na Ujerumani viliacha mazoea ya kuzidisha alama tatu za FMEA, yaani ukali, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua. Hitilafu yenye ukali 10, uwezekano 2 na ugumu 3 hupata 60. Nyingine yenye 5, 4 na 4 hupata 80, ikatangulia kushughulikiwa ingawa haiui mtu. Mwongozo mpya unauangalia ukali kwanza.

Tukirudi kwenye MAX, Ulaya ilichelewa kuiruhusu iruke hadi Januari 2021, na ilitaka zaidi: ipate chanzo cha tatu cha kukadiria pembe ya mabawa na hewa. Vilevile iliwaruhusu marubani kuvuta fyuzi ya kitetemeshi cha usukani pale kinapotetemeka kwa uongo, jambo ambalo mamlaka ya Marekani haikuliweka kwenye utaratibu wake.