Ganda la VVU na Sindano ya Miezi Sita

Kwa miaka mingi vitabu vilisimulia hivi: VVU vinaingia ndani ya seli, ganda lao la protini linapasuka muda mfupi baadaye, na jeni zinabaki huru kufanya uharibifu. Ganda lilihesabiwa kuwa kifungashio tu. Anayetaka kuelewa kwa nini lenacapavir, dawa ya sindano dhidi ya VVU, imefaulu aanze kwa kuifuta picha hiyo.

Ndani ya kila kirusi mna nyuzi mbili za RNA, kila moja yenye herufi 9,700 hivi. Protini ndogo za nukleokapsidi zimezishika na kuzikunja. Pembeni kuna vimeng'enya viwili: kimoja cha kunakili RNA kuwa DNA, kingine cha kuipachika DNA hiyo kwenye jeni za mwenyeji. Mzigo huo wote umefungiwa ndani ya koni yenye urefu wa nanomita 120 hivi, na upande wake mnene una upana wa takriban 60. Koni nzima imejengwa kwa protini ya aina moja, p24, nakala kati ya 1,000 na 1,500. Ni ubahili wa lazima. Crick na Watson walishaandika mwaka 1956 kwamba kirusi chenye jeni fupi hakina budi kurudiarudia tofali moja.

Tofali hizo hujipanga sitasita kuwa pete, na pete zikiungana hutoa wavu wa pembesita. Lakini pembesita tupu hazifungi umbo, zinatandazika tu. Kanuni ya Euler, ya karne ya 18, inadai pembetano 12, hazizidi wala hazipungui. Mpira wa miguu wa kizamani, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe, unatii kanuni hiyohiyo: vipande vyeusi 12 vimesambaa sawasawa, ndiyo maana ni duara. VVU vimeweka pembetano tano kwenye ncha na saba kwenye kitako, na koni ikapatikana.

Kulithibitisha hilo haikuwa kazi nyepesi, maana koni hazifanani, na kisichofanana hakikubali kugeuzwa fuwele ili kipigwe eksirei. Mwaka 1999 kundi la Wesley Sundquist wa Utah lilionyesha kwamba protini hiyo, ikiunganishwa na ile ya nukleokapsidi na kuchanganywa na RNA kwenye mrija wa maabara, hujijengea koni bila kirusi chochote. Mwaka 2009 Owen Pornillos na wenzake walizifunga protini sita kwa vifungo vya salfa walivyovipandikiza wenyewe, pete ikatulia, fuwele ikapatikana. Kwangu huo ndio ujanja bora kuliko yote katika kisa hiki. Mwaka 2013 Peijun Zhang na Klaus Schulten waliunganisha picha za hadubini ya elektroni na kompyuta kubwa ya Blue Waters, wakatoa mfano wa ganda zima, atomi kwa atomi.

Umbo likajulikana, lakini swali la kazi yake likabaki. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba katikati ya kila pete kuna kitundu chenye chaji chanya, kinachovuta ndani malighafi ya kutengenezea DNA. Kumbe unakili hufanyika ndani ya ganda, mbali na walinzi wa seli. Kikwazo kilikuwa mlango wa kiini cha seli, zilimo jeni za mwenyeji, uliokadiriwa kuwa na upana wa nanomita 40 hivi. Koni ya 60 ingepitaje? Mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg waliupima mlango huo katika seli zenyewe wakakuta takriban 64, na koni nzimanzima zikipita.

Kwa hiyo ganda lina masharti magumu: liwe imara safari nzima, kisha lipasuke ndani ya kiini, si kabla. Lenacapavir huvunja masharti hayo. Hujibanza kwenye kijishimo kati ya protini mbili jirani, palepale ambapo protini za seli hulishika ganda ili kulipitisha. Haililegezi ganda, hulikaza mno hadi lipasuke vibaya. Tena huvuruga ujenzi wa maganda mapya. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, na dawa huyeyuka polepole chini ya ngozi, ndiyo maana dozi moja ya sindano hutosha miezi sita.

Virusi vinaweza kubadilika. Badiliko moja kwenye asidi amino ya 66 huizuia dawa kukaa mahali pake, lakini virusi hivyo huzaliana kwa shida.

Katika jaribio la kinga la PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 waliopewa lenacapavir hawakupata hata ambukizo moja. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama kinga Julai 2025. Peke yake haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo pima kwanza, ndipo uulizie sindano.