Milimita Mbili kwa Mwaka

Daktari wa radiolojia anayeijua kazi yake hafungui picha ya leo peke yake. Mzee aliyewekewa bomba ndani ya aota iliyovimba miaka minne iliyopita amepigwa CT skani asubuhi, picha zimeshafika kwenye kompyuta, na kabla ya kusema lolote daktari anaitafuta picha ya kwanza kabisa, ile iliyopigwa mwezi mmoja baada ya upasuaji. Ya mwaka jana ataitazama pia, ila haimtoshi. Uvimbe unaokua milimita 2 kwa mwaka, ukiulinganisha na wa mwaka jana, utauona umetulia, kwa kuwa hata wapimaji wawili makini wakiupima uvimbe mmoja siku moja huweza kupishana kwa kiasi hicho na zaidi. Ukiulinganisha na wa mwanzo, miaka minne imeleta milimita 8. Milimita 5 tu zinatosha kuwafanya madaktari wa mishipa wakubali kwamba uvimbe umekua kweli.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoistahi kuliko zote: uvumilivu wa kulinganisha. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache na una majina yake makubwa. Kuangalia kunakofuata huchukua maisha yote ya mgonjwa, na wanaokufanya hawajulikani nje ya vyumba vyao vya giza.

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ndani ya tumbo upana wake ni kama sentimita 2. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume wazee waliovuta sigara miaka mingi, ukuta wake hulegea ukatanuka taratibu bila maumivu yoyote, na ukifika sentimita 5.5 kwa mwanamume madaktari huanza kuzungumzia upasuaji. Ukipasuka, wengi hawafiki hata hospitali.

Mwaka 1951, jijini Paris, Charles Dubost aliikata sehemu iliyovimba akaweka mahali pake kipande cha mshipa kilichotolewa kwa maiti. Ufunguaji huo wa tumbo, ambao leo hutumia bomba la kitambaa maalumu, huumaliza uvimbe wenyewe, na aliyepona hahitaji picha nyingi. Moja kila baada ya miaka 5 hivi huhesabiwa kuwa ya kutosha. Septemba 1990, huko Buenos Aires, Juan Parodi alipita njia nyingine kwa ajili ya wagonjwa walioonekana dhaifu mno kufunguliwa tumbo. Aliingia kupitia mshipa wa kinenani, akapandisha bomba la kitambaa lililokunjwa, akalishikiza kwenye ukuta wa aota kwa stenti ya chuma iliyobuniwa na daktari Julio Palmaz. Damu ikapita ndani ya bomba, na uvimbe ukabaki nje yake bila shinikizo. Mwendesha baiskeli ataielewa hila hiyo mara moja: umeingiza mpira mpya ndani ya tairi bovu. Tairi lenyewe hujaliondoa.

Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa EVAR 1 ndilo lililoonyesha maana ya tairi hilo kubaki. Kuanzia 1999 hadi 2004 liliandikisha wagonjwa 1,252, wengine wakafunguliwa tumbo na wengine wakawekewa bomba kupitia kinenani. Katika siku 30 za kwanza njia mpya ilishinda waziwazi: walifariki chini ya 2 kwa kila 100, na upande wa pili zaidi ya 4. Wachunguzi hawakuishia hapo. Waliwafuata watu wale wale kwa miaka 15, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba baada ya mwaka wa 8 mizani iliegemea upande mwingine. Vifo vilivyotokana na uvimbe wenyewe vilizidi kwa waliowekewa bomba, na sababu kuu ilikuwa uvimbe wa zamani kupasuka tena. Nasoma matokeo hayo kama heshima kwa watu wa picha. Kati ya mafanikio ya mwezi wa kwanza na hatari ya mwaka wa 8 hakuna kingine kilichosimama isipokuwa macho yao.

Wanatafuta nini? Kwanza kabisa, damu mahali isipotakiwa kuwepo. Bomba likiwa halijabana vizuri juu au chini, damu hupenya pembeni na kuingia kwenye uvimbe kwa nguvu yote ya moyo. Mvujo huo haungojwi, hurekebishwa. Vipande vya bomba vikiachana au kitambaa kikitoboka, hatari ni hiyo hiyo. Aina ya pili ni ya upole zaidi, na ndiyo inayoonekana mara nyingi: mishipa midogo ya kiunoni, au ule wa utumbo mpana, iliyokuwa ikitoka kwenye aota, sasa inarudisha damu kinyumenyume ndani ya uvimbe. Mingi ya mivujo hii huziba yenyewe. Hapa hekima ni kutokimbilia sindano wala kisu, maadamu uvimbe haukui. Na ili uweze kusema kwa uhakika kwamba haukui, unarudi kwenye rula.

CT skani nzuri ya kazi hii hupigwa kwa awamu tatu, na kila awamu ina sababu yake. Ya kwanza haina dawa ya kuangazia mishipa. Ukuta wa aota ya mzee umejaa chokaa, na chokaa ni nyeupe kama dawa ilivyo. Usipoiona kabla, baadaye utaiita mvujo. Ya pili hupigwa dawa inapopita kwa kasi ndani ya bomba. Ya tatu husubiri kidogo, kwa sababu mvujo wa kinyumenyume unaingia kwa uvivu na huenda usionekane kabisa katika awamu ya pili. Kisha hufuata kupima. Aota ya uzeeni imepinda, na picha inayoikata mshazari huonyesha upana usiokuwepo. Fundi huchora kwanza mstari wa katikati unaofuata mapindo ya mshipa, akaukata uvimbe wima juu ya mstari huo, ndipo akapima toka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Baada ya hapo huhesabu umbali kutoka mshipa wa figo ulio chini zaidi hadi mwanzo wa bomba. Ukiongezeka mwaka hadi mwaka, bomba linateleza.

Lakini anayenivutia zaidi ni mtaalamu wa altrasaundi. CT inaleta mionzi, na dawa yake huelemea figo ambazo mara nyingi zimeshachoka, kwa hiyo hospitali nyingi humpa yeye ufuatiliaji wa mgonjwa ambaye mwaka wake wa kwanza ulikuwa shwari. Mtazame akifanya kazi. Mgonjwa amekuja asubuhi na njaa, kwa kuwa gesi ya utumbo huficha kila kitu. Jeli tumboni, kichwa cha mashine kikisukumwa taratibu pembeni mwa kitovu ili utumbo usogee. Anapima upana mara kadhaa. Kisha anawasha Dopla ya rangi na kushusha kipimo cha kasi, ili hata damu ya mwendo wa pole ionekane, na hapo shida inaanza: kila mtikisiko wa utumbo na kila pigo la ukuta wa mshipa huwaka rangi. Anamwomba mgonjwa azuie pumzi. Anangoja. Rangi ya uongo huruka huku na huku. Rangi ya mvujo hurudi mahali pale pale kwa kila pigo la moyo. Anaweka alama juu yake na kusikiliza wimbi lake, na mara nyingi mshipa mdogo hujitambulisha kwa damu inayoingia na kutoka kupitia mlango huo huo, wimbi juu ya mstari, wimbi chini yake. Mashine haimpi jibu hilo. Mkono wake ndio unaolipata, na pembe aliyoichagua.

Akibaki na shaka, kuna dawa ya viputo vidogo mno vya gesi inayopigwa kwenye mshipa wa mkono. Viputo hung'aa kwenye altrasaundi, gesi yake hutoka kwa pumzi, na figo hazihusiki. Nayo eksirei ya kawaida, ambayo wengi wameisahau, bado ina thamani: inaonyesha waya wa stenti uliovunjika au bomba lililokunjamana kuliko mwaka uliopita.

Mwongozo wa Ulaya wa 2019 uliruhusu mgonjwa ambaye picha ya kwanza haina mvujo, na bomba lake limeshika vema juu na chini kwa angalau milimita 10, akae hadi miaka 5 bila kurudiwa CT. Naukubali, kwa sharti kwamba hizo milimita 10 zilipimwa kwa uangalifu nilioueleza.

Na wewe ambaye baba yako alifanyiwa upasuaji huu India au Ulaya, kisha akarudi Mombasa au Dar es Salaam, usirudi na ripoti ya karatasi peke yake. Dai diski ya picha, ya kabla ya upasuaji na ya mwezi wa kwanza baada yake, maana picha inaweza kupimwa upya na sentensi haiwezi. Omba pia maandishi yenye jina la bomba, saizi yake na tarehe lilipowekwa, kwa sababu atakayesoma picha miaka sita baadaye anahitaji kujua ni vipande vingapi viliunganishwa, na alama zake za chuma zilikaa wapi siku ya kwanza.