Kusikiliza Chemirocha

Wapo wanaodhani kwamba muziki wa kusikilizwa kwa makini ni ule wa okestra kubwa tu, kama ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1947, yenye fidla, tarumbeta na kiongozi mwenye kifimbo mkononi. Muziki wa vijijini, husema, ni wa kuchezea ngoma na kupitishia wakati. Rai hiyo yafaa ipimwe kwa mfano, na mfano tunao katika nchi hii ya chai.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akanasa nyimbo tatu za Wakipsigisi zenye jina moja: Chemirocha. Asili ya jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika huku, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina lake upya.

Wimbo wa tatu waimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenziwe. Tracey alieleza kwamba Chemirocha anayeimbwa humo ni nusu mtu, nusu paa. Wageni wengi wameishia kwenye kisa hicho, wakacheka, wakasahau kusikiliza. Lakini thamani ya wimbo haimo katika kichekesho. Isikilize chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo: yarudia mapigo yale yale bila kuchoka, ili waimbaji wapate mahali pa kusimama. Juu yake sauti moja yatangulia, nyingine zaipokea kwa upole, wala hapana inayopigania kuwa kubwa. Hiyo ndiyo kazi hasa ya okestra: kila mmoja kujua mahali pake na kumsikiliza mwenziwe.

Kama wimbo huu una upungufu, ni ufupi wake. Haufiki dakika mbili; sikio laanza tu kuuzoea, mara umekwisha.

Basi, msomaji, ukipata nafasi ya kuhudhuria okestra ya fidla, nenda, utafaidika. Lakini nenda na sikio lililofunzwa nyumbani. Asiyeweza kupambanua sauti inayotangulia na zile zinazoitikia katika wimbo wa watu wake, atasikia nini penye vyombo sitini?