Grete Hermann, Zaidi ya Kosa la von Neumann

Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Der Teil und das Ganze, kilichotoka 1969, Werner Heisenberg ana sura moja inayomhusu mwanamke kijana aliyekwenda Leipzig kumbana. Jina lake Grete Hermann. Alikuwa mwanafalsafa wa mkondo wa Kant, na hoja yake ilikuwa fupi: kila tukio lina sababu, bila sharti hilo sayansi haipo, sasa nyinyi wanafizikia mmepata wapi ruhusa ya kusema atomu inatenda bila sababu? Heisenberg anajibu, Carl Friedrich von Weizsäcker anaongezea, Hermann anauliza tena. Ni sura tamu, inasomeka kama tamthilia. Lakini kila ninapoirudia naona jambo lile lile: maswali ni ya Hermann, na majibu mazito ni ya wale wanaume wawili.

Heisenberg mwenyewe hafichi kwamba mazungumzo ameyatunga upya. Kwenye dibaji anamtaja Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale aliyewaandikia watu hotuba kwa kadiri alivyoona zingewafaa. Sawa, ni mbinu ya halali. Ila sisi tuliozoea malumbano ya washairi magazetini tunajua kila mmoja hujibu kwa kalamu yake, na ukishindwa umeshindwa kwa beti zako mwenyewe. Hapa kalamu ni moja tu, na mwenye kalamu ndiye mshindani.

Bahati nzuri Hermann naye aliandika. Mwaka 1935, baada ya mjadala huo wa Leipzig, alichapisha insha ndefu iitwayo Die naturphilosophischen Grundlagen der Quantenmechanik, kuhusu misingi ya mekanika ya kwanta kwa jicho la falsafa ya maumbile. Tafsiri yake ya Kiingereza imo katika kitabu kilichohaririwa na Elise Crull na Guido Bacciagaluppi, 2016. Nataka tuizungumzie insha hiyo, maana naona Hermann anasifiwa siku hizi kuliko anavyosomwa.

Simulizi inayopendwa inakwenda hivi. Mwaka 1932 John von Neumann, mwanahisabati aliyeogopwa na wenzake kwa akili, anatoa uthibitisho kwamba nyuma ya mekanika ya kwanta hakuwezi kuwa na "vigeu vilivyofichika", yaani taarifa za ndani ambazo tungezijua tungeweza kutabiri kila kitu. Mwaka 1935 Hermann anaonyesha kuwa uthibitisho una tundu. Hakuna anayemsikiliza. Mwaka 1966 John Bell anachapisha tundu lile lile na dunia inashtuka. Mwisho wa hadithi, pigeni makofi, mkasirike kidogo, tuendelee na mengine.

Tundu lenyewe lipo kweli, na linaeleweka bila hesabu nyingi. Chukua spini ya elektroni. Ukiipima kwenye mhimili mmoja utapata +1 au −1 (kwa kipimo tulichochagua). Ukiipima kwenye mhimili mwingine uliosimama wima juu ya ule wa kwanza, majibu ni hayo hayo. Sasa, jumla ya vitu hivi viwili ni kitu cha tatu chenye kipimo chake, kwenye mhimili wa katikati, na majibu yake ni mzizi wa 2, kama 1.41 hivi, au −1.41. Jaribu kujumlisha mwenyewe: 1 na 1, 1 na −1, −1 na −1. Unapata 2, 0 au −2. Hiyo 1.41 huipati hata ukikesha. Ukichukua wastani wa vipimo vingi, jumla inakaa sawa kila mara. Kipimo kimoja kimoja, haikai. Von Neumann alidai kanuni hiyo ya wastani ishike pia kwenye hali zile zilizofichika, na hizo zingekuwa na jibu maalumu kwa kila kipimo. Kwa mtu anayeulizwa kama hali hizo zipo, kudai hivyo ni kulifunga swali kabla halijaulizwa. Mfano huu wa spini ni wa Bell, lakini lawama ni ya Hermann, na sehemu yake fupi ndani ya insha imepewa kichwa kinachosema wazi: mduara katika uthibitisho wa Neumann.

Wapo wanaomtetea von Neumann. Jeffrey Bub mwaka 2010 alisema mtu huyo hakukosea kijinga namna hiyo, kwamba alikusudia kitu chembamba zaidi. David Mermin na Rüdiger Schack wakajibu mwaka 2018 kwamba hapana, kosa ni kosa. Naona wa pili wana hoja nzito zaidi, lakini ugomvi huo nauacha kwa wenyewe. Swali langu ni lingine. Huyu mwanamke alikuwa anataka nini alipoitoboa hoja ya von Neumann?

Wengi wanaomtaja wanamsoma kama wakili wa vigeu vilivyofichika, mtangulizi wa David Bohm na Bell. Ni kinyume kabisa. Hermann anautupa uthibitisho, halafu kurasa chache mbele anafikia uamuzi ule ule kwa njia yake: vigeu vilivyofichika havihitajiki. Kwa nini? Kwa sababu, anasema, mekanika ya kwanta inatupa tayari sababu za kila kinachotokea. Hakuna nafasi iliyobaki wazi ya kuziweka nyingine. Ngoja kwanza, msomaji atasema, si wanafizikia ndio walitangaza kwamba sababu zimekwisha? Hapo ndipo ubishi wake ulipo, na hapo ndipo simulizi ya tundu inapotunyima uhondo.

Anatumia mfano wa hadubini ambao Heisenberg aliuanzisha na Weizsäcker akaurekebisha. Chembe moja ya mwanga inaigonga elektroni, inapita kwenye lenzi, inaacha alama kwenye bamba la picha. Ukiliweka bamba pale taswira inapojengeka, alama inakuambia elektroni ilikuwa wapi. Ukilisogeza hadi kwenye fokasi ya lenzi, alama inakuambia mwanga ulikuja kwa mwelekeo gani, na kutokana na hapo elektroni ilisukumwa kiasi gani. Kabla ya kipimo hakuna anayeweza kutabiri alama itatua wapi. Lakini ikishatua, anasema Hermann, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kwa sheria zile zile za fizikia, ukaeleza kwa nini imetua hapo na si kwingine. Sababu ilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuitaja mapema.

Kiswahili kinatusaidia kuuona mgawanyo huu haraka: utabiri na sababu kwetu ni maneno ya nyumba tofauti. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka anaweza kukueleza sababu zote kuanzia mbegu mpaka mvua, na bado hakuna aliyemtabiria. Katika fizikia ya tangu Laplace maneno hayo mawili yalikuwa yameoana kiasi kwamba kufa kwa moja kulionekana kuwa msiba wa yote. Hermann anawatenganisha. Halafu anaongeza jambo zito zaidi: mnyororo wa sababu unaoupata unategemea bamba uliliweka wapi. Maelezo ya mahali na maelezo ya msukumo yote ni ya kweli, kila moja kwa kipimo chake, na huwezi kuyashona yakawa picha moja ya elektroni isiyotazamwa na mtu. Huyo ndiye binti wa Kant aliyekwenda Leipzig kutetea sheria ya sababu. Ameitetea, lakini kwa gharama ya kuacha ndoto kwamba dunia inaweza kuelezwa yote mara moja kutoka mahali pasipo pa mtu yeyote.

Jamani, hii ndiyo falsafa. Kutafuta kosa kwenye hesabu ya mtu mashuhuri ni kazi ya heshima, wala sidharau. Lakini hapa pana mtu aliyeingia na imani, akaipeleka kwenye maabara ya wapinzani wake, akatoka nayo ikiwa hai na imebadilika umbo. Sura ya Heisenberg haituonyeshi hilo. Ndani yake Weizsäcker ndiye anayepewa hotuba ya kuweka mambo sawa, akimlinganisha Kant na Archimedes na kanuni yake ya wenzo: kweli kwa eneo lake, ila si kwa kila eneo. Hotuba nzuri. Ila ukitoka hapo ukaifungua insha ya 1935 unakuta Hermann ana suluhisho lake mwenyewe, la aina nyingine, na Heisenberg hamwachii alitamke.

Je, suluhisho linasimama? Mimi naona lina ufa. Sababu anayoirudia nyuma imechotwa kutoka kwenye tokeo lile lile linalotakiwa kuelezwa. Alama iko hapa kwa sababu mwanga ulikuja hivi. Na tumejuaje mwanga ulikuja hivi? Kwa kuwa alama iko hapa. Hermann aliliona hilo. Jibu lake ni kwamba sababu iliyopatikana kwa kurudi nyuma inazaa utabiri mwingine, kwa mfano wa mahali elektroni ilipo, na huo unaweza kukaguliwa. Ni jibu la mtu makini, na kwa hadubini linafanya kazi. Kwa atomu ya radiamu B inayotema elektroni, mfano ambao Heisenberg anautumia kwenye sura yake, ninalipokea kwa shingo upande: ukiuliza kwa nini imetemwa sasa na si kesho, kurudi nyuma kunakupa maelezo ya kilichotokea, lakini sina hakika Kant angekubali kuyaita sababu. Hapo ningependa kumsikia Hermann akibishana na mtu wa leo.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nisiridhike na simulizi ya tundu. Mwaka ule ule wa 1935 muhtasari wa insha ulitoka katika Die Naturwissenschaften, jarida lililosomwa na wanafizikia wengi. Sehemu ya von Neumann haimo. Hoja ya sababu imo. Kama tundu ndilo lingekuwa roho ya kazi, ungetarajia kulikuta hapo kwanza. Insha nzima ilitoka katika jarida dogo la wafuasi wa mwanafalsafa Leonard Nelson, na ndiyo maana hata mtu mwenye nia njema angeweza kupitwa nayo. Max Jammer aliitaja hoja ile katika historia yake ya falsafa ya kwanta mwaka 1974, Hermann akiwa bado hai.

Na maisha yake hayakai vizuri kwenye sanduku la "mwanafizikia aliyenyamazishwa". Alizaliwa Bremen 1901, akasoma hisabati Göttingen chini ya Emmy Noether. Tasnifu yake, iliyochapishwa 1926 katika Mathematische Annalen, ilihusu hatua za kukokotoa katika polinomiali: haitoshi kujua kwamba jibu lipo, inabidi ujue pia hatua za kulifikia zina kikomo. Leo watu wa aljebra ya kompyuta wanamhesabu miongoni mwa waasisi wao. Kisha akawa msaidizi wa Nelson, na Nelson alipofariki 1927 akabaki na kazi ya kuhariri maandishi yake pamoja na Minna Specht. Alikuwa mwanachama wa ISK, kikundi cha kisoshalisti kilichopambana na Wanazi. Kwa hiyo hesabu miaka: insha kuhusu hadubini na elektroni imeandikwa na mtu ambaye serikali ya nchi yake ilikuwa inawawinda wenzake. Baadaye alikimbilia Denmark, hatimaye Uingereza, ambako ndoa ya mwaka 1938 ilimpa uraia. Mwaka 1946 akarudi Bremen, akafundisha walimu falsafa na fizikia, akashiriki mijadala iliyotangulia Programu ya Godesberg ya chama cha SPD ya 1959. Alifariki 1984.

Kwake maadili, siasa na mekanika ya kwanta zilitoka kwenye swali moja la Kant na Nelson: akili ina haki ya kudai nini kabla ya kuona? Ukimkata vipande, ukabaki na kile cha tundu, unapata shujaa wa kuchapisha kwenye fulana.

Anayetaka kuanza aanze na muhtasari wa Naturwissenschaften, ni kurasa chache na hoja ya hadubini imo. Kisha asome insha nzima polepole, mduara wa Neumann aukute pale ulipo, katikati, kama hatua moja ya safari. Sura ya Heisenberg aiache mwisho. Akifika hapo atakuwa anajua Hermann angejibu nini, na atasikia vizuri pale anaponyamazishwa.