Kisa cha Sargh tusikisimulie kwa mkato

Khutba nyingi hukitaja kisa cha Sargh hivi: Sayyidna Umar (r.a.) alisikia kuna tauni Sham, akarudi. Kikikatwa hivyo, huwa hoja ya kiongozi kuamua peke yake. Sivyo kilivyopokewa katika Bukhari na Muslim.

Wakati wa tauni ya Amwas, miaka ya 17 na 18 Hijria (638–639), Umar aliwaita kwanza Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Wazee wa Kikureshi ndio walioafikiana: watu warudi. Abu Ubayda alipopinga, alijibiwa kwa hoja na kwa mfano wa mchunga ngamia. Kisha Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwepo, akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye kuafiki rai hiyo. Umar akamhimidi Allah.

Basi hata baada ya uamuzi, mlango wa elimu ulibaki wazi. Baadhi ya kamati zetu za misikiti huitisha kikao jambo likiwa limeshapitishwa, kisha zikakiita shura. Hiyo ni kupasha habari tu. Ndugu imamu, kabla ya kukisimulia kisa hiki, tujiulize: ni nani hatujamwita?

Wallahu aalam.