Joto la Pwani Halipashi Injini

Kati ya Vipingo na Malindi gari la mashindano la zamani huwashwa na kuondoshwa papo hapo, kwa imani kwamba jua limekwisha kufanya kazi ya kulipasha. Hewa ina nyuzi 30, bodi inachoma mkono, la kungojea ni nini? Hoja hiyo inapima kitu kisichohusika. Chuma kinalindwa na oili, na oili ina kipimo chake cha joto. Oili ya 20W-50, inayotiwa kwenye injini nyingi za aina hii, huwa na mnato wa takriban sentistoksi 160 ikiwa na nyuzi 40, na takriban 18 ikifikia nyuzi 100. Maana yake ni kwamba hata kwa joto linalozidi mchana wa kawaida wa Malindi, oili bado ni nzito karibu mara tisa kuliko inavyotakiwa injini ikiwa kazini. Geji ya presha nayo huwahadaa wengi hapo. Sindano hupanda juu kwa sababu oili inapita kwa taabu, huku valvu ya kupunguza presha ikirudisha sehemu yake chini kabla haijafika kwenye beringi.

Chukua Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, ina kemshafti juu kabisa, mbali na pampu ya oili. Ikilala wiki kadhaa, oili yote huteremka. Fundi makini hukata kwanza umeme wa plagi, kisha huzungusha injini kwa stata hadi geji ionyeshe presha, ndipo anaporudisha umeme na kuiwasha. Ikishawaka huishikilia kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Kuiacha ingurume polepole, jambo linaloonekana kuwa la upole, ndiko kunakoiumiza: pampu inasukuma oili kidogo, springi za valvu zinaibana kemshafti kwa nguvu zaidi, na petroli ya ziada kutoka kwenye kabureta inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Mbio za East African Safari Classic, ambazo tangu 2003 zimeyarudisha magari haya barabarani, zimeongeza ushahidi kupitia Porsche 911, gari lililompa ushindi Björn Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015. Injini ya gari hilo la zamani haipozwi kwa maji hata tone. Aliyezoea kutazama geji ya maji hana pa kutazama ila joto la oili, na kiwango cha oili chenyewe hupimwa injini ikiwa imepata moto na inanguruma mahali tambarare. Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo gari lolote la zamani lingepaswa kusomwa. Lenye geji ya maji pekee huonekana tayari mapema mno, maana maji hupata moto kabla ya oili.

Kuna wanaopinga wakisema kwamba magari ya leo huwashwa na kuondoka bila madhara. Ni kweli, lakini hayo hutumia oili nyepesi na kompyuta inayopima petroli. Kabureta haijui iko wapi. Ikiwa jeti zake zilichaguliwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nzito ya Kilifi itaipa injini petroli pungufu. Itawaka kwa shida na kupata joto baya, la kwenye vichwa vya pistoni, wakati oili ingali nzito. Jeti zibadilishwe kabla ya kulaumu plagi.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaoliwasha gari dakika tano kila wiki ili lisizeeke kwa chumvi na unyevu. Hofu yao ni ya haki, ila dawa yao inaongeza ugonjwa. Petroli inapoungua huzaa maji, na dakika tano hazitoshi kuipasha oili moto hadi maji hayo yatoke kama mvuke, kwa hiyo hubaki ndani yakichanganyika na asidi. Gari lisiloweza kuendeshwa nusu saa nzima ni heri lisiwashwe. Betri ipewe chaja, plagi zifunguliwe, oili kidogo itiwe kwenye kila silinda, na injini izungushwe kwa spana.